Ardhi ya ufukweni Mwanza: tulipe fidia, tusimamie mita 60, au tukubaliane na wanaoilima?

Mjadala huanza hivi kila mara. Tangazo la ruzuku ya mazingira limetoka, zimebaki wiki chache dirisha lifungwe, na mtu kwenye kikao cha kata anasema, "Tuombe hela tulinunue lile eneo la mafunjo kabla halijaisha." Wote wanaafiki. Hakuna anayeuliza kununua kwenyewe ni kufanya nini, wala nani yuko kwenye eneo hilo leo asubuhi.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya mazingira ya kata inayopakana na ziwa. Nimeshiriki kuandika maandiko ya kuombea ruzuku, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa. Nimeona eneo lililolipiwa likivamiwa tena, na eneo la jirani yake ambalo halikulipiwa hata shilingi likabaki na mafunjo yake yote. Kwa hiyo naandika kwa wenzangu waliokwama kwenye swali hili: wenyeviti wa mitaa, watendaji, madiwani, viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vinavyosimamia rasilimali za ufukwe), vikundi vya akina mama wa bustani. Njia zilizopo mezani ni tatu: kulipa fidia, kusimamia mita 60 za ukingo wa ziwa ambazo sheria inazilinda, au kukubaliana na wanaolima. Kila moja ina mahali pake.

Kwanza, neno "kununua"

Maandiko mengi tunayoyaiga yametoka Marekani, na huko mambo ni tofauti. Jiji la Marekani likitaka kulinda kipande cha ardhi linaweza kuomba ruzuku, mathalani kwenye mfuko wa serikali kuu ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1964 na kulishwa na mapato ya mafuta na gesi ya baharini. Jiji hutoa nusu ya gharama, mfuko hutoa nusu, mwenye shamba analipwa bei ya soko na kusaini mauziano, na eneo linakuwa la umma.

Kwetu ardhi yote ni ya umma tayari, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mtu ana haki ya kuimiliki na kuitumia, na haki hiyo ndiyo inayolipiwa. Halmashauri ya Jiji la Mwanza au ya Manispaa ya Ilemela ikitaka eneo la ufukwe libaki hifadhi, haiendi dukani. Inaomba eneo litwaliwe kwa manufaa ya umma, kisha wanaopisha wanalipwa fidia. Andiko lenye mstari wa "kununua ekari kumi" linamwonyesha mfadhili anayeijua Tanzania kwamba hatujakaa na afisa ardhi wetu. Andika "fidia kwa wanaopisha eneo", halafu mjitayarishe kwa maswali yanayofuata neno hilo.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza maswali matano yale yale. Pesa inatoka wapi na ni ya nini? Inachukua muda gani? Karatasi yake ina nguvu kiasi gani mtu akija na tingatinga? Nani atalilinda eneo mradi ukiisha na gari lenye nembo likiondoka? Na nani anaumia? Hili la mwisho huwa halimo kwenye fomu za kuomba ruzuku, ingawa nimeona miradi mingi ikianguka kwa sababu yake kuliko kwa sababu ya pesa.

Nimeacha makusudi swali la "ipi inahifadhi vizuri zaidi". Mafunjo na matete yakiachwa yasimame hufanya kazi ile ile: huzuia tope, hunyonya mbolea na uchafu unaoshuka kutoka milimani, na huwapa sato na kambare mahali pa kulelea vifaranga. Mafunjo hayajui hati iko kwa nani.

Njia ya kwanza: ruzuku ilipe fidia, eneo liwe la halmashauri

Mwanza ina mfano wake wa zamani, nao uko mbele ya macho yetu kila tukisimama Capri Point. Kisiwa cha Saanane kina jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi pale. Alilipwa fidia na Serikali akapisha, na mwaka 1964 ikaanzishwa bustani ya wanyama. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 Hifadhi ya Taifa. Mkaazi alikuwa anajulikana, mpaka ulikuwa maji pande zote, na taasisi ya kulinda ilikuwepo. Pale yalipopatikana yote matatu, njia hii ilifanya kazi kwa zaidi ya miaka 50.

*Pesa.* Hii ndiyo njia ghali kuliko zote, na watu huikosea hesabu kwa sababu hufikiria bei ya kiwanja peke yake. Kwa kanuni za fidia za mwaka 2001, anayepisha analipwa thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36 kama alikuwa anaishi hapo, na faida anayoipoteza kama alikuwa na biashara. Mama mwenye kibanda cha kukaangia samaki naye ana hesabu yake. Juu ya hayo kuna gharama za mthamini, mpima, na safari za kufuatilia idhini ya Mthamini Mkuu wa Serikali.

Mfadhili akiwa mkubwa, kuna jambo jingine. Masharti ya Benki ya Dunia kuhusu kuhamisha watu, ambayo yanatumika kwa sura yake ya sasa tangu mwaka 2018, yanataka nyumba ilipwe kwa gharama ya kujenga mpya bila kupunguza uchakavu, wakati uthamini wetu wa kawaida hupunguza. Yanataka pia mtu asiye na hati alipwe mali yake na asaidiwe kuhama. Tofauti hiyo lazima mtu ailipe. Mara nyingi kwenye miradi mikubwa ya hapa nchini mfadhili hutoa pesa ya kazi na kuiachia Serikali fidia yote kama mchango wake. Kabla ya kuandika chochote, ulizeni kwa barua: ruzuku hii inaruhusu kulipa fidia, ndiyo au hapana? Nimeona wenzetu wakitumia miezi kwenye andiko ambalo ukurasa wa nne wa masharti ya mfadhili ulikuwa umeshalikataa.

*Muda.* Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Halmashauri haitwai ardhi kwa azimio la baraza la madiwani. Mamlaka ya kutwaa ni ya Rais kwa Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, na maombi hupitia Wizara ya Ardhi. Kuna taarifa kwa wananchi, uthamini, jedwali la fidia, idhini, ndipo malipo. Sheria inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Ikichelewa zaidi ya miezi sita, riba inaanza kuhesabiwa. Na kwa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, uthamini wa fidia una uhai wa miaka miwili. Ukipita, unarudia mwanzo, na bei ya ardhi ya Mwanza haijawahi kurudi nyuma kukusubiri.

Mwaka mmoja tulikwenda na mpima kwenye bonde lililowahi kuthaminiwa na mradi mwingine. Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye kizingiti, bustani yake imejaa magugu. Tukamsalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kupima tena?"

Tukamwambia ndiyo.

"Waliopima kwanza waliniambia nisipande kitu, nisubiri hela. Nimekaa misimu minne sijapanda."

Hakulipwa, na wala hakuwa ameambiwa kuwa mradi ule ulishakufa. Misimu minne ya mchicha na figiri ilipotea bure. Tangu siku ile, sikubali mthamini aingie mtaani kabla pesa haijaingia benki.

*Nguvu ya karatasi.* Ni kubwa kuliko ya njia nyingine zote. Haki ya mwanzo imezimwa, eneo limepimwa, matumizi yameandikwa kwenye mpango wa mji, na hati iko kwa halmashauri. Anayekuja na hati ya pili ana kazi ngumu mahakamani. Hata hivyo, kilichoandikwa na halmashauri kinaweza kuombewa mabadiliko ya matumizi na halmashauri hiyo hiyo miaka kumi baadaye, madiwani wakiwa wengine na mwekezaji wa hoteli akiwa mlangoni. Kwa hiyo ruzuku ikiweza kubeba sharti la eneo kubaki hifadhi, lidaiwe liandikwe mapema kwenye mkataba.

*Mlinzi.* Halmashauri, maana yake mgambo na bajeti. Andiko huonyesha pesa ya kulipa fidia na kupanda miti, halafu mlinzi anaachiwa "mapato ya ndani". Eneo lililobaki wazi katikati ya jiji linalokua, bila mtu anayeamka nalo kila siku, hugeuka dampo, kisha machimbo ya mchanga, kisha viwanja. Msiombe fidia bila kuomba, au kutenga wenyewe, mshahara wa mtu wa kulinda kwa miaka mitano ya mwanzo.

*Anayeumia.* Mpangaji na anayelima kwa kuazima. Fidia ya ardhi humfuata mwenye haki, na anayelima kwa ruhusa ya mdomo huondoka na thamani ya mazao yake tu, kama yaliandikwa.

*Inafaa* pale ambapo wamiliki ni wachache na wanajulikana, mipaka haina ugomvi, mfadhili ameruhusu fidia kwa maandishi, na kuna taasisi yenye sare ya kulinda.

Njia ya pili: kusimamia mita 60 zilizopo kwenye sheria

Wapo wanaosema, na wana hoja, kwamba kulipia ufukwe ni kulipa mara mbili kitu ambacho sheria imeshakilinda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inayataja maeneo oevu, visiwa vya ziwani na hizo hizo mita 60 kuwa ni ardhi hatarishi.

*Pesa.* Kidogo. Mpima, nguzo za zege za mipaka, mabango, miche ya miti ya asili, posho za vikao vya mitaa. Ruzuku ndogo inatosha, na ni rahisi kuipata kwa sababu hakuna anayehamishwa kwenye karatasi, ingawa kwenye ardhi wapo.

*Muda.* Miezi, si miaka. Mtaa ukiamua Januari, mvua za masika zinaweza kukuta nguzo zimesimama.

*Nguvu ya karatasi.* Sheria ya nchi ipo, na hakuna andiko linaloizidi. Udhaifu wake ni swali dogo ambalo wavuvi huuliza kila mara nasi hatuna jibu moja: mita 60 kutoka wapi? Mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lilipanda mpaka likaingia kwenye nyua za watu. Nguzo iliyowekwa mwaka wa maji machache inaoga leo. Mwenye nyumba anasema alijenga mita 80 kutoka ukingoni na ziwa ndilo lililomfuata, na mara nyingine anasema kweli. Kabla ya kuweka nguzo, ofisi ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo iko hapa hapa Mwanza, na ofisi ya Kanda ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, waitwe wakubaliane mstari wa maji utakaotumika, na uandikwe kwa vipimo kwenye muhtasari wa kikao. Bila hilo kila kesi itaanza upya.

Kuna pia viwanja vya ufukweni vilivyopimwa na kupewa hati kabla ya mwaka 2004. Huwezi kumwendea mwenye hati halali na rangi nyekundu ya X ukadhani umemaliza. Huyo unarudi naye njia ya kwanza, au unakwenda naye ya tatu.

*Mlinzi.* Serikali ya mtaa, na wakati mwingine mgambo. Ulinzi wake hutegemea mwenyekiti aliyepo. Nimeona mtaa mmoja ukilinda nguzo zake miaka yote, na mtaa wa pili, barabara tu katikati, ukizing'oa wiki moja baada ya uchaguzi.

*Anayeumia.* Maskini, na wala si kwa bahati mbaya. Mwenye ukuta wa mawe na geti hupelekewa barua. Mwenye tuta la mchicha hupelekewa mgambo. Kama mnachagua njia hii, anzeni na wenye kuta. Mtaa mzima unaangalia nani ameguswa kwanza, na utii wa wengine wote unaamuliwa siku hiyo.

*Inafaa* ufukwe ambao bado haujajengwa sana, na pale ambapo hatari iko karibu kiasi kwamba kusubiri mchakato wa fidia ni kusubiri eneo liishe.

Njia ya tatu: makubaliano, wanaolima wabaki na walipwe kwa kutunza

Wasukuma tulikuwa na hili kabla ya neno "mradi" kuingia kwenye lugha. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi, likilindwa na ukoo au kijiji kwa makubaliano na faini. Programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, iliyofanya kazi kuanzia mwaka 1986 hadi 2004, haikununua ardhi. Ilirudisha ngitili, na zaidi ya hekta 300,000 zikaota tena miti mkoani humo. Jirani zetu kabisa, kwa desturi yetu wenyewe. Nasikitika kwamba tunapoandika maandiko ya ufukwe wa Mwanza tunataja mifano ya ng'ambo na kuiruka hii.

*Pesa.* Ya kati, lakini ya kila mwaka. Ruzuku hailipi ardhi, inalipa kazi: kuacha mita kadhaa za mafunjo bila kukata, kuhamisha matuta juu, kupanda miti ya matunda badala ya kufyatua tofali, mizinga ya nyuki. Kwenye milima ya Uluguru wakulima waliwahi kulipwa kwa utaratibu wa namna hii ili maji ya mto Ruvu yashuke safi, na miongoni mwa walipaji alikuwa msambazaji wa maji wa Dar es Salaam. Kwetu hoja hiyo ina uzito wake. Chanzo cha maji cha Capri Point kimejengwa kuzalisha lita milioni 90 kwa siku, na cha Butimba lita milioni 48, zote zikivutwa kutoka ziwa hili hili. Kila tope linalozuiwa na mafunjo ni dawa ambayo mtambo haukuitumia. Kuzungumza na mamlaka ya maji kuhusu mchango mdogo wa kila mwaka ni mazungumzo yanayostahili kuanza hata kabla ruzuku haijatangazwa.

*Muda.* Kuanza ni haraka, kukomaa ni polepole. Mwaka wa kwanza ni wa vikao na kutoaminiana. Ng'ombe wa mtu mwenye sauti kubwa wataingia, na hapo wote watatazama kama faini itatozwa.

*Nguvu ya karatasi.* Ndipo penye udhaifu. Vijijini, kama Misungwi, Magu au Ukerewe, kuna mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji na hati za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na makubaliano yanaweza kukaa ndani ya mpango huo. Ndani ya jiji hakuna ardhi ya kijiji. Makubaliano yanategemea mkataba na sheria ndogo za halmashauri. Mzee aliyesaini akifariki, watoto wanne wanaweza kugawana viwanja kabla ya arobaini. Mkataba useme wazi kwamba unawafunga warithi, na wake na watoto wakubwa wasaini pia siku ile ile, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mwanasheria wa halmashauri aupitie kabla.

*Mlinzi.* Mwenye eneo mwenyewe, ambaye huamka nalo. Kwa hili hakuna njia nyingine inayoifikia. Eneo lile nililosema mwanzo, lililobaki na mafunjo bila kulipiwa, lilikuwa la hivi. BMU walikuwa wamekubaliana na wenye mashamba kwamba pale ni mazalia ya samaki, na aliyekata mafunjo au kuvuta kokoro alijulikana kabla ya jua kuzama.

*Anayeumia.* Wachache, kama malipo hayakatiki. Yakikatika, aliyejitolea zaidi ndiye anayepoteza zaidi, na hatakusikiliza mara ya pili.

*Inafaa* maeneo yenye watu wengi wanaoitegemea ardhi hiyo kwa chakula, wenye kikundi kilichokwisha kukaa pamoja kwa jambo jingine, iwe BMU, vikoba au ushirika. Kikundi kinachoanzishwa kwa ajili ya ruzuku hufa na ruzuku.

Pesa ya nani inaenda na njia gani

Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, unaoendeshwa kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, hutoa kwa vikundi na asasi za kiraia, na kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000 za Marekani kwa mradi. Unaendana na njia ya tatu na baadhi ya ya pili. Halmashauri ikae pembeni kama mshirika, asasi ndiyo iombe. Mfuko wa Misitu Tanzania ni wa kutazamwa mnapotaka miche, nyuki na kurejesha uoto. Mfuko wa kimataifa wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, Adaptation Fund, unapitia NEMC, iliyoidhinishwa mwaka 2017, na mradi wa Bunda upande wa Mara unaonyesha kuwa halmashauri ya kandokando ya ziwa inaweza kufika huko. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi una fedha nyingi zaidi na benki ya CRDB iliidhinishwa nao mwaka 2019, lakini si mahali pa kupeleka bonde la ekari kumi.

Fidia kubwa kwa kawaida itatoka kwenye bajeti ya Serikali au mapato ya ndani. Ruzuku inaweza kuibeba kazi inayofuata. Mkilijua hilo mapema, andiko linabadilika: mnaonyesha fidia kama mchango wenu, na mfadhili anaona watu waliojifunga wenyewe kwanza.

Uchague vipi, kulingana na mlipo

Kama ni bonde la mafunjo lenye wamiliki watatu au wanne wenye hati, hakuna nyumba, na mwekezaji ameshaanza kuulizia, nendeni njia ya kwanza, huku nguzo za mita 60 zikiwekwa mara moja ili kununua muda. Hapa kuchelewa mwaka mmoja kunaweza kumaanisha ukuta.

Kama ni kingo za mto Mirongo pale unapopita katikati ya makazi, nyumba zimebanana na mvua ikinyesha maji yanaingia vyumbani, msianze na mafunjo. Anzeni na watu. Mita 60 zikitekelezwa pale kwa mkupuo mmoja zitafuta mitaa mizima. Chagueni nyumba zilizo kwenye hatari ya maisha, zilipiwe fidia kwa awamu ambazo pesa yake ipo, na kila kipande kinachoachwa wazi kipandwe na kukabidhiwa kwa mtu siku hiyo hiyo. Ruzuku ya hifadhi peke yake haitoshi hapa, na mkimwahidi mfadhili kwamba itatosha mtaaibika.

Kama ni mashamba na bustani za ufukweni upande wa Luchelele, au Igombe na Kayenze kule Ilemela, ambako watu wanalima na kuvua na bado kuna nafasi, njia ya tatu ina nafasi kubwa, mita 60 zikiwa mpaka wake wa chini. Kaeni na BMU kabla hamjakaa na mwandishi wa andiko.

Kama mko nje ya jiji, kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi au kinaweza kuupata, tengeni eneo ndani ya mpango huo. Huko kulipa fidia kwa ajili ya hifadhi mara nyingi ni kutumia pesa mahali ambapo mkutano mkuu wa kijiji ungetosha.

Kama wamiliki wanagombana wao kwa wao, au kuna kesi Baraza la Ardhi, msiombe ruzuku yoyote mwaka huu. Saidieni kesi iishe. Pesa ikiingia katikati ya ugomvi wa mipaka, inaukuza.

Na kama ruzuku imeshakubaliwa, fidia inaruhusiwa, na mnajiandaa kumpeleka mthamini, pangeni tarehe kwa kurudi nyuma: siku ya malipo kwanza, kisha uthamini usiozidi miezi sita kabla yake, kisha mkutano wa mtaa ambao wanaopisha wataambiwa tarehe zote mbili kwa mdomo na kwa karatasi iliyobandikwa ofisi ya mtendaji. Waambieni pia waendelee kupanda mchicha wao mpaka pesa ionekane kwenye akaunti zao.